Saladi ya Kichina Niliyompikia Mama Mkwe

Leo sina uso, jamani. Naandika nikiwa jikoni kwangu, nimekalia ndoo, kwa sababu sebuleni kuna wanawake wawili wanacheka na sina ubavu wa kuwatazama.

Nianze mwanzo. Mnaonijua mnajua nauza vipuri vya pikipiki mtaa wa Gerezani, jirani na Kariakoo. Maboksi yangu yote yameandikwa Kichina. Nimeyatazama miaka sita, mpaka nikawa natofautisha boksi la breki na la klachi bila kulifungua. Basi nikaanza kuwaambia watu kwamba Kichina nasoma. Kuongea siongei, nasoma tu. (Hakuna aliyewahi kuniletea kitu nisome. Ndiyo maana nimedumu.)

Aliyeniamini kuliko wote ni mchumba wangu, Zuhura. Akamsimulia mama yake, Bi Somoe, anayeishi Lindi. Wiki hii Bi Somoe kaja Dar kupima macho, kafikia kwa mdogo wake Buguruni. Akatoa neno moja: kabla barua ya posa haijafika kwa wajomba, anataka kumwona huyo kijana nyumbani kwake, na kula chakula alichopika kijana mwenyewe.

"Pika wali na samaki," Zuhura akanishauri. "Mama hana makuu."

"Samaki kala tangu azaliwe," nikamjibu. "Nampikia saladi ya kuku ya Kichina."

Hiyo saladi niliila mara moja tu, kwenye hafla ya tajiri anayeniuzia vipuri kwa jumla. Kuku amechambuliwa nyuzinyuzi, kabichi imekatwa nyembamba, karoti, karanga, na juu yake tambi nyeupe zinazovunjika mdomoni kama bisi. Sosi yake ina mafuta ya ufuta. Niliota ile saladi wiki nzima.

"Issa, una uhakika unaijua?" Zuhura akauliza.

"Naijua." (Nilikuwa nimeangalia video moja. Sawa, nusu ya video.)

Leo asubuhi nikatoka kwenda Kariakoo na kapu langu. Nina mafua tangu Alhamisi, pua imeziba kabisa. Nilipita upande wa samaki wakavu kama napita kwenye duka la vitambaa. Kabichi nikapata, karoti, hoho, giligilani, kuku wa kisasa mmoja mnene. Nikaingia kwenye duka moja la bidhaa za Kichina, lile la aina ya kuuza kila kitu: sufuria, midoli, miavuli, na rafu nzima ya chupa.

Dada wa dukani akanisogelea. "Karibu kaka. Unatafuta nini nikusaidie?"

Kulikuwa na wateja wengine pale. Na mimi nikiwa na wateja wengine, akili inahama.

"Usijali dada, nasoma mwenyewe."

Akanitazama, akarudi kwenye kiti chake. Sosi ya soya niliijua kwa rangi. Pembeni yake kukawa na kichupa cha mafuta ya rangi ya dhahabu, kina picha ya majani na mzee mwenye ndevu nyeupe anatabasamu. Nikasema moyoni, huyu ndiye mpishi, na haya ndiyo majani ya ufuta. Nikakiweka kapuni. Nikachukua na tambi za mchele, nikaondoka nikipiga mluzi.

Nyumbani kazi ikaanza. Kuku nikamchemsha, nikamchambua, vizuri tu. Tambi ndizo zilizonitoa jasho. Yule wa kwenye video alisema mafuta yakipata moto utie kidogokidogo. Mimi nikatia pakiti nzima. Sikujua kwamba zile tambi zikigusa mafuta zinaumuka. Zilipanda, zikajaa sufuria, zikatoka nje, zikaanguka juu ya jiko na sakafuni, nyeupe pe, nikabaki nimeshika mwiko kama mtu anayezuia mafuriko. Nilizookota sikuziweka kwenye chakula, mama mkwe ni mama mkwe. Zilizobaki sufuriani zilitosha.

Nikatengeneza sosi. Soya, siki, sukari, limao, tangawizi ya kusaga, na vijiko vitano vya mafuta ya yule mzee mwenye ndevu. Nikaonja kwa ncha ya ulimi. Ladha sikuisikia, kwa mafua yale, ila nilihisi ubaridi fulani, halafu pua ikafunguka upande mmoja. Nikasema, tangawizi imekolea.

Saa saba wakabisha hodi. Bi Somoe ni mama mdogo wa umbo, mtulivu, kavaa miwani mpya na kanga iliyopigwa pasi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Hujambo? Mbona pua nyekundu?"

"Mafua tu, mama. Karibuni."

Akakaa, akanipa mfuko aliotoka nao Lindi: korosho, na ufuta wa shambani kwake. Mnaona hilo? Nilikuwa namtilia mafuta ya ufuta mwanamke anayelima ufuta tangu msichana. Na bado sikushtuka.

Tukanawa mikono. Nikaleta bakuli kubwa, limepambwa na giligilani, na tambi juu kama wingu. Zuhura akapiga picha. Bi Somoe akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Umepika wewe mwenyewe?"

"Mimi mwenyewe, mama. Hata viungo nimesoma mwenyewe, kwa Kichina."

(Kwa nini nilisema hivyo? Hakuna aliyeniuliza.)

Nikawapakulia. Bi Somoe akasema bismillah, akatia tonge mdomoni. Akatafuna mara moja. Akatafuna mara ya pili, polepole. Akaacha kutafuna. Machozi yakaanza kumlengalenga nyuma ya ile miwani mpya. Akachukua karatasi laini, akatoa lile tonge kwa adabu kubwa, akalikunja, akaliweka pembeni ya sahani. Kisha akanitazama.

"Baba," akasema taratibu, "huyu kuku alikuwa anaumwa mgongo?"

Sikuelewa. Zuhura akainamia sahani yake, akanusa, akainuka akaenda jikoni. Nikamsikia anafungua kabati. Akarudi na kichupa. Mkononi ana simu, ile programu ya kupiga picha maandishi ikakutafsiria.

"Mafuta ya kuchua viungo," akasoma. "Kwa maumivu ya mgongo, magoti na shingo. Pakaa mara tatu kwa siku." Akanigeuzia simu. "Usimeze."

Chini barabarani basi la mwendokasi lilipita, nikatamani niwe ndani yake.

"Issa," Zuhura akasema, "si ulisema Kichina unasoma?"

Nilifikiria kudanganya. Nilifikiria kusema kuna lahaja mbili za Kichina. Lakini Bi Somoe alikuwa ananitazama kama mama anayemsubiri mtoto atoe jiwe mdomoni.

"Sisomi," nikasema. "Sijawahi kusoma. Nayajua maboksi tu."

Nilidhani atachukua mkoba wake. Badala yake mabega yakaanza kumtikisika. Nikadhani analia. Kumbe kicheko, kinatoka ndani sana, mpaka akavua miwani akajifuta kwa ncha ya kanga. Zuhura naye akavunjika mbavu. Nikamletea mama maji asukutue, na mimi nikanywa jagi zima.

Bi Somoe alipopumua akauliza, "Kuku mwingine yupo, ambaye hajachuliwa?"

Alikuwepo, nusu nzima, nilimbakiza kwa ajili ya kesho. Mama yule akafunga kanga kiunoni, akaingia jikoni kwangu, akakanyaga tambi moja iliyojificha chini, akaisukuma kando kwa mguu. Akakaanga ufuta wake kwenye kikaango kikavu, akautwanga, akaukoroga na limao, chumvi na soya kidogo. Mimi nikakata kabichi nyingine. Tulipika bega kwa bega, ananiuliza habari za marehemu mama yangu, ananiuliza duka linaendaje, namjibu ukweli mtupu maana uongo ulikuwa umeniishia.

Ile saladi tumeimaliza yote. Sijala kitu kitamu hivyo, na wala si Kichina, ni Lindi tupu.

Sasa hivi nilikuwa nawapelekea chai, nikamkuta Bi Somoe kanyoosha miguu, anajipaka yale mafuta magotini. Kaniona, kasema, "Kwa magoti ni mazuri, baba. Barua yako ilete. Ila iandikwe Kiswahili."

Wakaanza kucheka upya, ndiyo nikakimbilia kwenye ndoo.

Nimeshaoa, jamani, kama si leo basi karibuni. Atakayetuma hata emoji moja ya kucheka hapa, kadi ya mchango wa harusi ndiyo inaanzia kwake.