Uzinduzi wa Roboti ya Ngagara

Mheshimiwa mwakilishi wa gavana, ambaye naye amemtuma mwakilishi; mheshimiwa chefu wa zoni, mkuu wa eneo letu; waheshimiwa nyumbakumi wote, na wale waliokalia viti vyao kabla hawajafika; padri wetu, shehe wetu; wazazi, wanafunzi, na wewe Elvire, kapteni wa timu ya roboti: mimi Népomuscène, Mkurugenzi Mratibu wa Uratibu wa Teknolojia ya Vijana, nimeteremka kutoka Kiriri mwenyewe, ndani ya gari la serikali, ili nione kwa macho yangu nisisimuliwe. (Makofi. Sauti ya nyuma: "Fanta zinapata moto, Mukubwa.") Fanta zitasubiri, kwa kuwa kwetu hakuna chupa inayofunguliwa kabla mgeni wa heshima hajamaliza neno lake, nami ndiyo kwanza naanza. (Miguno.)

Wapo wanaouliza, nchi iko vitani, roboti ya nini? Nawajibu kwamba, kwa mujibu wa strateji jumuishi ya awamu ya kwanza ya maandalizi ya awamu ya pili, usalama wa katiye hii, mtaa wetu wa Ngagara, umefikia asilimia tisini na nane, isipokuwa jioni, na ndiyo maana nitafupisha, niwahi kupanda nyumbani kabla barabara hazijafungwa. (Makofi marefu kuliko yote.)

Niliahidi hapa hapa kituo chenye kompyuta, wakufunzi kutoka Ulaya, na betri, maana umeme wetu tabia yake mnaijua. Jumamosi vijana wetu wanashindana na shule zote za Bujumbura, na bila betri roboti yao ni sanduku la redio lenye magurudumu ya kandambili. Elvire amekuja ofisini kwangu mpaka mlinzi akadhani ni mpwa wangu, na kila mara nimemwambia, mwanangu, betri iko njiani. Je, leo iko wapi? (Elvire anaonyesha chini ya meza: "Ni ile pale, Bwana Mkurugenzi.")

Mmeiona. Washa, mwanangu. (Roboti inatetemeka, inasogea, inasukuma kopo la nyanya hadi ukingoni. Vigelegele. Mama yake Elvire anafuta machozi.) Niseme kweli, hata mimi nimefurahi. Wapinzani walisema mradi wangu ni hewa. Hewa inasukuma kopo? ("Apana, Mukubwa.") Basi natamka, padri na shehe wakiwa mashahidi: betri hii ni zawadi ya vijana, hairudi kwangu kamwe. (Makofi. Dereva wake, Aloys, anapiga kuliko wote.)

Roboti! (Oye!) Uratibu! (Oye!) Neno limekwisha, fungueni Fanta. Aloys, washa gari. (Aloys hasogei: "Gari haiko na betri, patron. Ni ile umewapa batoto.")

(Chupa zinafunguka.)

Ehee. Basi, ndugu zangu, imebaki shukrani. Nilipanga kuwashukuru wafadhili, ambao sijawatafuta. Wakufunzi, ambao sijawaomba. Na kituo, ambacho kiwanja chake sikijui. Kwa hiyo namshukuru Aloys peke yake, maana kumbe mradi wote ni yeye. Na kwa kuwa Kiriri ni mlimani, na roboti yetu bado inasukuma makopo tu, namwomba nyumbakumi anitafutie pa kulala, na Fanta moja, hata kama imeshapata moto.