Achia Hiyo Pua!

Uchokozi uliletwa na redio ya Wembe kinyozi. Mtangazaji alisema vyuo vya biashara sasa vinafundisha somo la kutafuta kazi, na kabla hajafika mwisho wa habari, Breki alikuwa ameshatua kikombe chake cha kahawa kwenye benchi.

"Jamani, mmesikia?" Breki ni dereva mstaafu, na tangu astaafu anaendesha mdomo. "Kazi hakuna, ila mwalimu wa kuitafuta yupo!"

"Huyo mwalimu ndiye pekee aliyeipata," akasema Mama Birika, muuza kahawa, bila hata kuinua macho.

Benchi zima likaangua kicheko na kumgeukia Meneja. Meneja hasimamii kitu chochote duniani. Ni mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa chuo cha biashara, na jina hilo alibandikwa siku alipotokea kijiweni na tai kwenye jua la mchana. Leo hakucheka. Kesho kampuni moja ya usafirishaji ingempigia simu kumsaili, na mjomba wake ameshasema: ukikosa safari hii, unakuja dukani kwangu kubeba mifuko ya saruji. Meneja aliiogopa saruji kuliko mtihani wowote.

"Haya, wakikuuliza udhaifu wako, unasemaje?" Breki akamchokoza.

"Nasema udhaifu wangu ni kupenda kazi kupita kiasi."

"Wewe?" Mama Birika akashika kiuno. "Mwanangu, kikombe kimoja unakinywa tangu asubuhi!"

"Mama, ndivyo mwalimu anavyotaka. Darasa zima tumekariri hivyo hivyo."

Wembe, kwa huruma zake, alikuwa amejitolea kumfundisha mwenyewe. Wiki nzima, kila akimaliza kichwa cha mteja, anajificha nyuma ya duka, anaficha namba, anabana pua na kumpigia simu: "Hapa ni ofisi ya mkurugenzi." Mara ya kwanza Meneja alisimama wima akafunga mpaka kifungo cha juu cha shati. Siku hizi ameshamzoea, na kijiwe kilivipenda vipindi hivyo kuliko mpira.

Simu ya Meneja ikaita. Namba imefichwa, na mlangoni Wembe hayupo.

"Bosi huyo!" Breki akasogea. "Weka sauti kubwa tufaidi wote."

"Hapa ni ofisi ya mkurugenzi," ikasema sauti ya puani hasa.

"Mkurugenzi ni mimi," akajibu Meneja, mguu juu ya mguu. "Sema shida yako upesi, nina kikao."

Breki alijipiga paja. Upande wa pili karatasi ikafunuliwa.

"Naona. Na udhaifu wako ni upi?"

Majibu ya mwalimu yalikuwa yameshamchosha Meneja. "Uvivu wa asubuhi. Na uoga wa saruji."

"Kwa nini basi tukuajiri?"

"Kwa sababu malori yenu yanarudi matupu! Nayaona kila siku barabara ile, yanakwenda yamejaa, yanarudi yanapiga kelele kama madebe. Mimi nipeni simu tu niwatafutie mizigo ya kurudi nayo. Chuoni wanasema niseme nina ari. Ari sina, bwana. Nina kero!"

"Umemaliza?"

"Nimemaliza. Achia hiyo pua sasa, mteja wako anaota nywele nyingine."

Mama Birika alikuwa anafuta machozi ya kicheko pazia la duka lilipofunguka. Wembe akatoka, mashine ya kunyolea mkononi.

"Nani kachukua chaja yangu? Simu imezima tangu asubuhi."

Kicheko kikakatika. Meneja aliitazama simu mkononi, akajiona kabisa anaitikia "naam, mjomba" na mfuko begani.

"Mheshimiwa, samahani sana, mimi nilidhani... Si mlisema kesho?"

"Tumewahisha. Na hii pua, kijana, sijaibana. Nimezaliwa nayo."

Mama Birika akajifunika uso kwa kitambaa cha vikombe.

"Tangu asubuhi nawapigia wenzako wa chuoni," sauti ikaendelea. "Wote wanapenda kazi kupita kiasi. Jumatatu uje ofisini, tuzungumze habari ya hayo malori. Uje na uione pua yenyewe."

Simu ikakatwa.

"Sasa hapo," Breki akauliza polepole, "ameitwa kazini au ameitwa kuchapwa?"

Breki akakumbuka ana safari, Mama Birika akaanza kukusanya vikombe ambavyo havijaisha kahawa. Wembe akamshika Meneja bega, akamwingiza dukani na kumkalisha kitini.

"Nikunyoe upendeze. Lingine lolote usiogope, mdogo wangu."

"Kaka Wembe," Meneja akasema kwa unyonge, shuka la kinyozi shingoni, "naomba unipe zoezi moja la mwisho."

"La maswali?"

"La kuongea na mtu bila kumtazama pua."