Mvamizi wa Mega Mia

Jumatatu, tarehe 15 Juni
Baridi. Niko likizo kutoka machimbo ya chokaa. Sina kazi, nina akili tu. Kompyuta aliyotutumia mjomba Philippe kutoka Kolwezi imetimiza mwezi humu nyumbani, na bado mimi ni mgeni kwake! Danielle, mdogo wangu, mwalimu, ameikalia kama kuku. Leo nikamshitaki kwa mama. Mama Henriette akahukumu palepale: diski ya giga 500 igawanywe sawasawa, kama kiwanja cha marehemu baba. Danielle akakubali, ila akaniomba nisiguse kitu kabla ya Ijumaa. Points, yaani alama, za wanafunzi wake 58 zimo humo, hazipo pengine popote, karatasi amekwisha kuwarudishia, na Ijumaa anazipeleka shuleni. Nikasema sawa.

Ijumaa! Ijumaa jioni atakuwa hapa, anachungulia mgawanyo. Kesho hayupo. Tena anafundisha jiografia, hesabu si kazi yake. Nitajipa giga 300.

Jumanne, tarehe 16 Juni
Danielle katoka saa moja. Saa moja na dakika tano niko mezani. Carlos wa kazini alinipa flashi yenye sistemu mpya, nataka kuiweka upande wangu. Nikachomeka. Ikanichorea diski yote, mstari mrefu wenye vipande. Raha! Nikajiona mpimaji wa serikali. Kipande cha Danielle nikakipunguza mpaka 180. Changu 300. Katikati nikaacha giga 20 tupu, njia ya kupita. Baba alifanya vile na jirani, hawakugombana hata siku moja.

Halafu nikaona kitu. Mwanzoni kabisa mwa diski, kipande cha mega 100. Hakina jina langu wala la Danielle. Nani huyu? Na nyuma yake kingine, mega 16. Amekuja na mtoto! Nawajua watu hawa. Leo kibanda, kesho jiko, keshokutwa anakuonyesha hati. Nikamfuta. Yule mdogo nikamwachia, mimi si mkatili.

Kabla sijaweka sistemu yangu, umeme ukakatika. Betri ya mashine hii ilifika ikiwa imekufa. Nikafunika, nikaenda zangu kuota jua.

Jumatano, tarehe 17 Juni
Umeme umerudi. Kompyuta haijarudi. Kioo cheusi, na mstari mmoja mweupe wa Kifaransa: hakuna diski ya kuwashia. Mawe! Diski iko, nimeigawa mwenyewe! Nikazima, nikawasha. Mara kumi na moja. Nikapuliza matundu. Nikaitingisha kidogo. Danielle aliporudi nikamwambia imeshikwa na baridi. Nilikuwa nimeifunga kitenge cha mama, nimeiweka karibu na mbabula, mkaa unawaka vizuri.

Akaifunua. Hakupiga kelele. Aliniuliza tu, yaya, ndivyo anavyoniita mimi kaka yake, points ya batoto iko wapi? Kisha akakaa kwenye kigoda, akaandika majina kwenye daftari, la kwanza mpaka la 58, na mbele ya kila jina hakuwa na cha kuandika. Niliona haya mpaka masikioni. Hata bukari, ugali wetu, ilinishinda.

Alhamisi, tarehe 18 Juni
Mji mzima wa Likasi mtu wa kazi hii ni mmoja: Arsène, fundi wa simu karibu na soko. Adui yangu! Mwaka jana alininyang'anya kusoma somo la kwanza kanisani siku ya Pasaka, eti sauti yake inafika mpaka mlangoni. Nikaenda, nimeficha mashine chini ya sweta. Nikamwambia ni ya rafiki. Akaigeuza. Jina la Danielle limeandikwa mgongoni kwa rangi ya kucha. Kumbe! Sikuwahi kuliona.

Akachomeka flashi yake, akatazama, akauliza hapa mbele palikuwa na nini. Nikamwambia palikuwa na mvamizi, nimemfukuza. Alicheka mpaka akashika meza. Ule haikuwa mvamizi, akasema, ule njo sentinelle, mulinzi! Iko na kibanda yake ku mulango, iko na funguo, asubui njo anafunguliaka bote. Weye umemufukuza na funguo yake, sasa unasimama inje unapiga hodi!

Watu wa duka la jirani walikuja kusikiliza. Akawaeleza tena, tangu mwanzo.

Ijumaa, tarehe 19 Juni
Arsène amemrudisha sentinelle kwenye kibanda chake. Imewaka. Points zote zimo, 58, hata moja haikupotea. Danielle alizihesabu kwa kidole, akalia, akakimbia shuleni. Nami nilipumua.

Arsène hakuomba kitu. Hilo ndilo lililoniuma. Alikula tu bukari kwetu, mara mbili, na mama anamwita mutoto yangu. Mimi jina langu lilikuwa Alexis tu, bila mutoto yangu mbele. Halafu mama akahukumu upya: diski yote ya Danielle. Akauliza sentinelle anakaa kwenye mega ngapi. Mia, akaambiwa. Basi na Alexis apewe mia, akae kandokando yake, ajifunze kazi.

Jumapili, tarehe 21 Juni
Danielle na Arsène wameenda misa pamoja. Mama kawafuata, ananyata nyuma kama vile hawamwoni. Nimebaki, nina kikohozi.

Kompyuta iko mezani. Nimeifungua kusalimia mega zangu mia, basi. Sentinelle yuko mahali pake. Heshima zote kwake, simgusi tena, nimeelewa kabisa.

Lakini huyu wa 16! Bado yuko! Arsène hakusema neno juu yake. Sentinelle mwenye funguo, sawa. Huyu ana nini mkononi? Hana funguo, hana jina, amekaa tu, na mpaka wangu unaanzia hapo kwake. Akiondoka nitakuwa na 116. Nani atahesabu? Mwalimu wa jiografia?

Umeme upo. Misa inaisha saa tano. Flashi ya Carlos ninayo mfukoni. Nimechomeka.