Kaburi ya Mwami yenye Nililinda

Leo nimekufa na haya. Wandugu, musome, lakini musinitumie hapa mu grupe emoji za vichwa vya kucheka.

Munajua nilikataza injeniere wa maji asipitishe tiyo, bomba ya maji, kwa lile rundo ya mawe, juu ya kilima yetu hapa Masisi. Nilisema pale njo kaburi ya mwami, mufalme wetu wa zamani, na sheria inakataza kuchimba kitu ya mababu. Nani aliniambia? Hakuna mutu. Mawe ilikuwa mengi, imeota majani, nikaiheshimu. (Mimi njo prezida wa komite ya mambo ya zamani. Tuko watu wawili.)

Bila kupita pale, maji haiwezi kufika kwetu huku juu. Bibi yangu iko na mimba ya miezi munane na kila siku anashuka bonde kuchota. Hata yeye aliniomba niache. Nikamwambia mababu kwanza.

Basi asubuhi injeniere amefika na mama mumoja wa biro ya serikali yenye inalinda urithi. Nimevaa veste, koti yangu ya siku kuu. Nimevua kofia. Nimeongea murefu juu ya damu ya wazee wetu, mpaka yule mama ameanza kuandika mu kaye yake.

Mama Zawadi, mujane mwenye shamba ya pembeni, ameacha jembe yake akakaribia. Akaniuliza polepole, vile mutu anaongeaka na mugonjwa:

"Papa Bahati, unalilia nani hapa?"

"Mwami, Mama."

"Haya mawe? Mimi na marehemu bwana yangu njo tuliitoa mu shamba, mwaka tulianza kulima maharagi. Kila mutu anarundikaka ya kwake. Hata wewe uko nayo nyuma ya nyumba."

Ni kweli, niko nayo. (Mbuzi inalalaka juu.)

Yule mama wa biro amefunga kaye yake. Nikageukia injeniere, nikamwambia basi achimbe, hata leo, mimi mwenyewe nitashika jembe.

"Papa, tiyo zenu zilienda kijiji ya Shasha jana," amesema. "Tuliwangoja sana. Leo tulikuja tu kuandika sababu."

Hakuna mutu amecheka. Hiyo njo imeniumiza zaidi.

Sasa ninaandika nikiwa chini kwa chemuchemu, kwa nafasi ya bibi yangu. Mulongo wa wenye kungoja kuchota ni murefu, na mimi njo mwanaume pekee. Wamama wote wamekwisha kujua. Mumoja ameniuliza jiwe yenye anafulia nguo ni kaburi ya nani.