Nazi Mbili za Ziwa la Ng'ombe

Jamaa zangu mlioko Voi, leo nimeumbuka. Nimeumbuka mchana, mbele ya wanawake tisa, kundi la ng'ombe na mke wangu. Nawaandikia haraka kabla hamjaisikia kwa mtu mwingine, maana hapa Kisauni habari haingoji stempu.

Lakini kwanza mjue aliyeumbuka ni nani. Mwaka wa 1908 nilikuwa na miaka kumi. Baba alifariki, mama akarudi kwao Rabai na wadogo zangu, mimi nikaambiwa nikajitafutie. Shule nilisoma miezi minne (herufi nilizopata ndizo hizi mnazozisoma, ziheshimuni). Nikavuka kwenda kisiwani kubeba magunia, wakati huo daraja la Nyali halijaota hata ndotoni. Nilivukaje? Hapo ndipo penye ugonjwa.

Nilipokuwa namchumbia Mama Dama, nilimwambia nilivuka kwa kuogelea. Mkondo mzima! Nguo nimezifunga kichwani! Akanitazama kwa macho yale yake, nikaongeza papa. (Papa mmoja tu. Sikutaka kuonekana mwongo.) Kweli yenyewe, nilivushwa na mashua ya makaa, nimelala juu ya magunia, macho nimeyafumba. Mimi siogelei. Maji yakipita magoti naanza kusali.

Uongo huo umekaa salama miaka ishirini na minne. Mpaka alipohamia Kombo.

Kombo ni mtu wa Likoni, alikuwa baharia, sasa amepanga nyumba ya tatu kutoka kwangu. Kila Jumamosi huenda Ziwa la Ng'ombe kuogelea. Na kila Jumamosi mke wangu huenda huko huko kufua. Tangu Kombo aje, nyumba yangu imekuwa safi ya kutisha. Shati nikilivaa saa mbili, saa tatu limo kwenye karai. Amefua mapazia. Amefua gunia! Nani anafua gunia? Na akirudi ni habari moja tu:

"Leo Kombo kapiga mbizi, nikahesabu mpaka arobaini hajaibuka."

"Angekaa huko huko."

"Ati?"

"Nasema ana pumzi."

Basi leo asubuhi ananiwekea chai, ananiambia kama mtu anayezungumzia mvua: "Baba Dama, Kombo anataka mwogelee pamoja leo, mpaka ng'ambo. Nimemwambia habari ya yule papa."

"Umemwambia papa?"

"Nimewaambia wote."

Chai ikaniingia puani.

Sasa, mimi ni mtu wa nazi. Nimekula nazi, nimeuza nazi, nimejenga kwa nazi. Najua watoto wa pwani hujifunza kuogelea kwa nazi mbili kavu, zenye makumbi yake, zimeunganishwa kwa kamba. Mtoto hulala katikati, hazami. Nikaenda nyuma ya jiko nikachagua mbili kubwa. Nikazifunga kiunoni, moja huku, moja huku, juu yake nikavaa shati la kaki la askari, lile pana nililonunua kwa Mnyasa mmoja wa jeshini. Nikajitazama. Mnene kidogo, basi. Mzee mwenye mali ana haki ya kunenepa.

Nikafika ziwani. Kombo tayari yumo majini, kifua kinang'aa kama kimepakwa samli. Wanawake wamejipanga ukingoni na makarai yao, hakuna anayefua.

"Shikamoo, mzee!"

"Marahaba."

"Vua shati basi, tuanze."

"Sivui. Nina kifua."

"Una kifua?"

"Kinanibana tangu juzi." Nikakohoa, ili aone.

Nikaingia. Na jamani, nilielea! Nilielea kama kifuu! Nikapiga mkono mmoja, nikapiga wa pili, nikamsikia mke wangu anasema, "Mwaona? Niliwaambia." Wallahi, kwa muda wa kumaliza sigara nusu nilikuwa mwanamume kuliko wote wa Kisauni. Nikamtazama Kombo kwa dharau. Nikaamua kugeuka chali, kama nilivyomwona yeye akifanya.

Hapo ndipo kamba ilipolegea. Ikapanda. Ikatoka kiunoni, ikapita tumboni, ikaja kukwama kwapani, na nazi zote mbili zikaja nayo. Nikawa nimelala chali katikati ya maji, shati limelowa limenibana, na kifuani pangu pamesimama vitu viwili, vya mviringo, vimeelekea mbinguni.

Ng'ombe mmoja aliyekuwa akinywa akainua kichwa.

Ndipo Bibi Mbodze, kikongwe asiye na jino hata moja, akasema polepole, kila mtu akamsikia: "Jamani, tulipokuja hapa ziwa lilikuwa moja. Mbona sasa nahesabu matatu?"

Mmoja akaangusha karai. Mwingine akakaa chini kwenye tope. Kombo, badala ya kunionea huruma, anapiga maji kwa viganja: "Kweli, mzee, ulisema una kifua!"

Nikajaribu kuyasukuma chini. (Nazi, nasema nazi.) Kamba ikakatika. Moja ikachomoka shingoni mwa shati, ikanipiga kidevu, ikaenda zake. Ya pili ikafuata. Nami nikazama. Nikapiga mayowe, nikamwita Mungu, nikamwita mama, na, Mungu anisamehe, nikamwita Kombo.

Akaja akanishika ukosi. "Mzee," akasema. "Simama."

"Nakufa!"

"Simama tu."

Nikasimama. Maji yalinifika kitovuni.

Tulirudi nyumbani mimi na mke wangu, yeye na karai kichwani, karai linatikisika kwa kicheko anachokizuia. Tulipofika mlangoni nikaona nimalize kabisa.

"Mama Dama."

"Abee."

"Sikuogelea. Siku zile. Nilivushwa."

"Najua. Ile mashua ya makaa ilikuwa ya mjomba wangu. Alituambia kuna kijana wa Rabai alilia mpaka kisiwani."

(Sikulia. Lilikuwa vumbi la makaa.)

"Basi ulinikubalia nini?"

"Yule papa," akasema. "Mtu anayejitaabisha kunitungia papa, nimwache?"

Nikapata moyo, nikamuuliza la Kombo. Akacheka sana. "Kisima chako kina chumvi, sabuni haitoi povu. Na sabuni yenyewe tangu vita hivi vianze wajua inavyopatikana. Nipe maji matamu hapa nyumbani, uone kama nitakwenda ziwani tena." Kisha, akianika lile shati la kaki, akaongeza: "Lakini anaogelea, masikini. Haki yake apewe."

Kesho naanza kuchimba kisima kingine.

Basi mkisikia watu wanacheka, waambieni yule mtoto wa miaka kumi leo ana nyumba ya mawe yenye bati, minazi sitini na mitatu, mikokoteni minne, baiskeli, saa ya ukutani, kisima kimoja cha maji ya chumvi, na mke mmoja. Nazi mbili ziko Ziwa la Ng'ombe zinaelea, hizo sizidai. Na mtakapokuja likizo, atakayeniuliza hali ya kifua changu atalala nje.