Gari la Mbio Lenye Injini ya Kusagia Udaga

Jumamosi, 2 Agosti

Verediana ameondoka asubuhi kwenda Kakonko. Binti yetu Divine amejifungua, na bibi lazima amwogeshe mjukuu. Atarudi Jumamosi ijayo. Ameniachia kazi moja tu: niangalie mashine ya kusaga, maana nusu ya kijiji chetu cha Makere inakula ugali unaotoka pale. Nikamwambia aende kwa amani. Basi lilipokata kona nikachukua spana.

Siyo wizi. Mali ya mke na mume ni moja, padri alisema mwenyewe siku ya ndoa. Injini ya mashine hiyo Verediana aliletewa na mama yake mwaka ule ule tuliooana. Silinda moja, inawashwa kwa hendeli, ina nguvu za ajabu, halafu inashinda imefungwa sakafuni ikisaga udaga, muhogo mkavu wa ugali. Kipaji kinaoza hivi hivi.

Chanzo cha yote ni Khatibu, bwana mifugo, mtu wa Tanga aliyeletwa huku na serikali akadhani ametumwa kutufundisha mpaka kupiga chafya. Siku moja kijiweni nilikuwa naonyesha kwenye simu picha za magari ya mbio ya zamani kabisa. Hayana paa. Hayana milango. Magurudumu ya spoku kama ya baiskeli. Juu wamekaa watu wawili, dereva na fundi wake, wamejaa vumbi, wanacheka. Nikasema hata mimi naunda. Khatibu akasema sijawahi kuunda hata kigoda kikakalika. Watu wakacheka mno.

Tukakubaliana mbele yao: kila mtu aunde lake kwa mtindo ule wa zamani, tushindane Nane Nane. Atakayeshindwa atamwamkia mwenzake shikamoo mwaka mzima, popote watakapokutana. Mimi nilikuwa nimeshaoa wakati Khatibu yuko shule ya msingi. Nimpe shikamoo? Afadhali nife.

Jumapili, 3 Agosti

Sikwenda kanisani. Mungu anaelewa mambo ya ufundi.

Fremu nimeitoa kwenye trela bovu la trekta. Magurudumu ya pikipiki. Bodi ni mbao za mkaratusi na mabati ya jiko letu, ambalo kiangazi hiki halihitaji paa. Fundi wangu wa kukaa pembeni ni Fidele, mtengeneza baiskeli, ambaye wazazi wake walitoka Burundi na yeye ni Mtanzania wa kadi na kila kitu. Sifa yake kubwa ni kwamba ana helmeti. Kazi yake ni breki: ubao unaovutwa kwa kamba hadi ukwaruze tairi la nyuma.

Akina mama wamekuja na mabeseni ya muhogo. Nimebandika kibao mlangoni: MASHINE INAUMWA. Wamesoma, wameguna, wamebeba mabeseni yao kwenda kijiji cha pili. Mmoja akasema watoto watalala na viazi. Viazi ni chakula.

Jumanne, 5 Agosti

Jaribio la kwanza. Gari limekwenda! Limekwenda nyuma, lakini limekwenda. Mnyororo tulikuwa tumeufunga kinyume. Choo cha jirani kimeinama kidogo.

Jaribio la pili limekwenda mbele, kisha injini ikaanza kunuka ajabu. Nikafungua tangi la maji. Ndani kulikuwa na mayai. Fidele alijitetea kwamba maji yanachemka bure, na mtu hawezi kufanya kazi ya hatari bila kula. Nilimsema mpaka sauti ikakauka. Kisha tukayala.

Tukiwa tunamenya, akaja mama mkwe. Mama Immakulata mwenyewe, na kikapu cha udaga kichwani. Moyo ulishuka hadi kwenye ndala. Gari tulilitupia turubai. Nikamwambia mashine imelazwa kwa mafundi Kasulu. Akasema pole. Akauliza inaumwa wapi. Nikasema kifua. Akalitazama turubai, akaondoka na kikapu chake.

Alhamisi, 7 Agosti

Khatibu ameonyesha gari lake sokoni. Injini ya guta la mizigo, rangi nyekundu, honi mbili. Amevaa miwani ya kuchomelea. Mtu mzima!

Njia tumeshakubaliana: barabara ya vumbi kutoka sokoni hadi darajani. Niliipigania kama ardhi ya urithi, kwa sababu ina mteremko na injini yangu ni nzito. Baada ya kupeana mikono ndipo nikakumbuka barabara hiyo inapita mbele ya nyumba ya mama mkwe.

Kwetu Uha mkwe hapiti mbele ya mama mkwe akiwa juu ya chombo. Unashuka, unachuchumaa, unatazama chini, unapiga makofi taratibu, na salamu inakwisha pale mwenyewe anapoimaliza.

Lakini mimi si mtoto. Nimempa dereva Reverien nauli, kesho alfajiri ampakie mama kwenye Noah yake, ampeleke Kasulu kuona maonyesho. Zawadi kutoka kwa mkwe. Mama ametuma shukrani. Wakati mwingine akili yangu inanitisha.

Ijumaa, 8 Agosti



Kwanza niseme hili, na asinibishie mtu. Nimepaa. Fidele alizungusha hendeli, injini ikaitikia, umati ukarudi nyuma, tukaingia mteremkoni. Upepo ukaninyang'anya kofia. Vumbi jekundu mdomoni, mabati yanalia, usukani unataka kwenda kwao na mimi nataka kwenda kwetu. Fidele alianza wimbo wa mazishi. Mimi nilicheka hadi machozi. Miaka yote hii kumbe sikuwa naishi, nilikuwa nimeegeshwa. Khatibu nilimpita kwenye migomba, nikamwona uso. Uso ule nitazikwa nao.

Tukakata kona. Kando ya barabara, mchi mkononi, amesimama mama mkwe.

Hakwenda Kasulu. Angekwendaje? Mashine inaumwa, unga umekwisha nyumbani, udaga lazima utwangwe kwenye kinu. Reverien alirudi na Noah tupu, na nauli yangu hakurudisha.

Nikamwambia Fidele tutazame upande wa pili, tupite kama hatukumwona. Fidele alikuwa ameshavua helmeti. Akasema yeye alilelewa na wazazi wake, akavuta kamba ya breki.

Nikashuka. Nikachuchumaa. Nikapiga makofi. Mama akaanza na mwakeye, salamu yetu ya Kiha, akaulizia nyumba, akaulizia Divine, mtoto, migomba, yule mbuzi mwenye mimba. Khatibu akatokea, akapunga mkono, akasema shikamoo mama, akapita na honi zake zote mbili. Mama mkwe wake yuko Muheza. Nikaendelea kupiga makofi.

Ndipo mama akaulizia mgonjwa. Nikasema bado amelazwa. Akaisikiliza injini ikinguruma nyuma yangu, akasema sauti hiyo aliichagua mwenyewe dukani Kigoma, kwa mahari niliyomtolea Verediana. Alipomtazama mkwe aliyempata, aliona binti yake atahitaji kitu kinachofanya kazi.

Nikapiga makofi kwa kasi zaidi.

Akamwambia Fidele ashuke. Akapakia gunia la udaga, akapanda, akaniamuru nigeuze gari kuelekea mashineni. Daraja nililiona kwa mbali, na watu wamembeba Khatibu. Tulipofika tambarare mama alishika kilemba akauliza kama huo ndio mwendo wenyewe. Nikaongeza. Akakaza kilemba.

Jumamosi, 9 Agosti

Verediana amerudi. Wanawake walimpa habari zote stendi kabla hajashusha mzigo. Alinikuta nakaza nati ya mwisho ya injini sakafuni, mama yake ameketi juu ya gunia.

Nilitegemea kelele. Hakupiga. Alisema kule Kakonko alikuwa akijisifu kwa wakwe wa Divine kwamba mumewe amebaki anasaga, kijiji kinakula. Basi. Akaingia ndani, akakuta jiko halina paa.

Liliniuma neno lile. Liliniuma kweli, mpaka wakati wa chakula. Injini imefungwa mnyororo na kufuli. Ufunguo amepewa mama mkwe autunze, kwa kuwa ndiye mtu pekee anayeaminika katika ukoo huu.

Jumapili, 10 Agosti

Nasaga tangu asubuhi. Nimeota mvi za unga. Khatibu amepita mashineni mara tatu, na hana hata punje ya kusaga. Mara tatu shikamoo. Mara tatu marahaba, kwa sauti ya babu.

Jioni mama mkwe amekuja kuchukua unga wake. Akazunguka nyuma ya nyumba lilipo gari, halina injini, kuku wamelala kwenye kiti. Akauliza kwa upole lingekwenda kasi gani kama lisingebeba gunia.

Nimekaa nimefikiri kwa makini, na kosa nimeliona. Kosa halikuwa injini. Kosa lilikuwa kumwacha mama mkwe kando ya barabara. Akiwa kwenye gari, pale pa Fidele, nitasimama nimsalimie nani? Khatibu amekubali marudio tarehe tisa Desemba. Wiki hiyo Verediana atakuwa Kakonko kwenye ubatizo wa mjukuu.

Helmeti nimeazima. Mama ameijaribu. Inambana kidogo kwenye kilemba, lakini amesema ataivaa hivyo hivyo, na kwamba ufunguo anao.