Jicho la Fahali Lirudishwe Kichwani

Bukhayo, Busia
Desemba 1965

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Picha ya Watu, Sikukuu ya Jamhuri.

Bwana Osman mheshimiwa,

Nakusalimu wewe, duka lako na kamati yako yote, kwa adabu ambayo baada ya Jumapili hamuistahili.

Unakumbuka kwamba mlitukusanya watu wa Busia na Malaba, mkatukalisha kwenye ngazi za mbao uwanjani, kila mtu ainue kadi ya rangi yake, ili wageni waliokaa upande wa pili waone fahali mkubwa anayetazama kulia. Mimi nilipangiwa kuwa jicho. Nilitangaza habari hiyo sokoni, kanisani, na hata kwa Mzee Odeke wa Kocholia, ambaye Jumamosi hii analeta watu wake kumposea mwanawe binti yangu Rosebella. Basi walikuja uwanjani kuniona. Wakaniona chini ya mkia.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Mpango wenu. Mlipanga kadi zote katika rundo moja: kwanza za safu ya juu, kutoka kushoto hadi kulia, kisha za safu inayofuata, hivyo hivyo mpaka kwato. Tukapita kwa foleni, kila mtu akachukua kadi iliyo juu na kukaa palipofuata. Hakuna kadi iliyoandikwa "jicho" wala "pembe". Kadi ilipata kazi yake kwa hesabu tu: safu ngapi zimejaa kabla yake, kila safu inachukua watu wangapi, na yenyewe ni ya ngapi katika safu yake. Nakubali, ni akili. Lakini ni akili ya mtu asiye na mama mkwe.

2. Wandera. Safu ya juu ilikuwa bado anga tupu, pembe hazijaanza, Wandera alipokuta kiti chake kiko ubavuni mwa Mama Nasimiyu, aliyemzaa mkewe. Mlitaka wagusane mabega, jambo ambalo kwetu ni mwiko, mbele ya wageni wa nchi zote mbili za mpakani? Alifanya alivyolelewa: akaruka viti vitatu na kufunika uso kwa kadi. Waliomfuata nao wakasogea, wakajikuta kando ya wakwe zao wenyewe, maana huku kwetu tumeoana sana, nao wakaruka. Sasa, anayekosa nafasi mwisho wa safu huanza mwanzo wa safu ya chini yake. Kichwa cha fahali kilikuwa mwisho kabisa, kulia. Kikaibukia kushoto, safu moja chini, nyuma ya makalio. Nimesoma historia ya Warumi na ya Wazulu. Sijakuta taifa lililosherehekea uhuru wake kwa ng'ombe anayejinusa.

3. Kipaza sauti. Badala ya kunyamaza, ulitangaza, "Jicho, simama nikuone." Nikasimama, kwa kuwa ni raia mtiifu. Tangu siku hiyo wauza samaki wananiuliza, "Mzee, huko nyuma kunaonekanaje?"

4. Jibu lako. Nilipokuja dukani ulinituliza kwamba hakuna kadi iliyopotea, zote zipo. Bwana Osman, mke wangu Roselida akitia chumvi kwenye chai na sukari kwenye mchuzi, vyote vipo pia. Je, utakunywa?

5. Binti yangu. Jumamosi mimi ndiye msemaji wa ukoo. Nani atamsikiliza msemaji aliyeonekana akichungulia huko? Watatuletea kuku badala ya ng'ombe wa mahari, wakisema ng'ombe wetu hajui kichwa chake kilipo, na Rosebella ataolewa kwa kicheko.

Kwa hiyo nadai picha irudiwe kabla ya Jumamosi, watu wa Kocholia wakae mbele kabisa. Hadi hapo ndoa zote za Bukhayo zisimamishwe, asipatikane mama mkwe mpya. Hilo likishindikana, kadi zote za fahali wapewe watu wa ukoo wangu, ambao hatuoani sisi kwa sisi. Na hilo nalo likiwashinda, chagueni picha ya ukuta mweupe, ambayo mama wakwe wote wa wilaya hawawezi kuiharibu.

Msalimie mkeo Zainabu, wanakamati wote, na hata Wandera, ukimwona, maana bado anajificha.

Ni mimi, mwenye kinyongo cha heshima,

Callistus Bwire (Jicho)

Nyongeza: Kabla sijafunga bahasha, Mzee Odeke ameingia bila kungoja siku yake. Amecheka mpaka akashika mlango. Kisha akasema, "Bwana Bwire, ng'ombe wetu huibwa kwa nyuma, wakavushwa mpakani kabla hatujageuka. Huyu wenu analala akitazama nyuma. Watu wenye ng'ombe kama huyo ndio tunaotaka kuoa kwao." Ameongeza mtamba mmoja kwenye mahari bila kuombwa. Kwa hiyo picha isirudiwe, na atakayethubutu kulirudisha jicho kichwani atakutana na mimi. Tena Mzee Odeke ana ombi moja tu: siku ya harusi, wageni wakalishwe na kamati yako.